Siku Tata Barnabé Alipotupeleka Maporomokoni

Juma lililopita mliniacha nikigawa keki kwenye arusi ya Gael. Mnakumbuka: Gael ndiye aliyekuwa mchumba wangu, na bibi-arusi alikuwa Jessica, mwenye kunisuka nywele. Wengine mlipiga simu gazetini kuuliza kama kweli niliigawa keki yote bila kumrushia mtu. Niliigawa yote. Nilijibakizia na kipande changu. Ilikuwa tamu.

Tangu siku ile mtaa wetu mzima wa Kapata unanihurumia. Huruma ya Kapata mnaijua. Mtu anapita mbele ya nyumba, anapunguza mwendo, anasema "Noëlla, pole mama," kisha ananiangalia shingo kama imekonda. Ikionekana haijakonda, anaondoka na masikitiko.

Mtu mmoja tu hakunihurumia: tante Honorine, dada wa marehemu baba. Yeye aliona aibu. Alisema jina la kaka yake haliwezi kuchezewa na watu wa saluni, na kwamba mwanaume aliyekimbia hujibiwa na mwanaume mwingine, haraka, kabla watu hawajazoea kucheka.

Hivyo akaniletea tata Barnabé Kalumba.

Tata Barnabé, kama tunavyomwita kila mwanaume wa heshima, alikuwa mtu wa parokia, amefiwa na mkewe, ametoka kaskazini kama sisi. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za kamyo, yale malori makubwa, katika kampuni moja njia ya Mutoshi. Umri wake tante aliutaja haraka haraka, kama mtu anayepita mahali penye mbwa. Alikuja nyumbani amevaa kofia, akakaa kwenye kiti cha baba, akanywa sucré, soda ya chupa, akaniita mademoiselle, kama binti asiyeolewa. Alikuwa mpole na msafi. Hakusema neno lolote la kukumbukwa.

Alipoinuka kuondoka, akatangaza kwamba Jumapili angetupeleka Kabongwe, kwenye maporomoko, njia ya Kasaji.

Tante Honorine karibu apige magoti. Maana siku hizi hapa Kolwezi, ukitaka watu waamini kwamba unapendwa, lazima upigwe picha mbele ya maji yanayoanguka. Nguo nyeupe, mikono juu, macho yamefungwa. Gael na Jessica walipigwa pale pale Kabongwe. Picha zao nilizitazama zote kwenye simu. Nilizikuza kwa vidole nione kama Jessica alikuwa amevimba macho. Hakuwa amevimba.

Tante akaamua kwamba mama lazima aje nasi, kwa heshima. Mtoto wa kike haendi porini na mwanaume bila mzazi, hata kama mtoto mwenyewe ameshaanza kuota mvi.

Mama yangu, mama Mianda, hakutaka. Tangu baba afe, mama ana kazi moja jioni: kukaa kwenye kiti kifupi mlangoni na kutazama barabara. Hamngojei mtu. Anatazama tu. Kucheka aliacha, na sisi watoto tukaona ndivyo wajane walivyo, tukaendelea na mambo yetu.

Ila bomba letu lilikuwa kavu kwa siku nyingi. Mama alipoelezwa kwamba kule Kabongwe maji yanaanguka tu usiku na mchana, aliuliza mara mbili kama ni kweli.

"Basi mi nabeba bidon," alisema.

Tante alimwambia kwamba watu hawaendi na bidon kwenye site touristique, mahali pa watalii. Mama akajibu kwamba yeye hajui site, anajua mayi. Akabeba mbili, zile dumu za njano.

Hivyo ndivyo tulivyotoka katika mji usio na maji bombani, tukaenda kulipa ili tuyaone yakimwagika bure.

Njia nzima tante alinisimamia. Alikuwa amenivalisha viatu virefu. Nilimwambia kule ni mawe matupu. Akasema mwanaume hatazami mawe. Alinikalisha mbele, karibu na tata Barnabé aliyekuwa anaendesha, na kila niliponyamaza alinifinya bega kutoka nyuma.

Mwanzoni kulikuwa na kamyo za madini na vumbi lao, tukafunga vioo, tukaiva kama viazi. Kisha kamyo zikapungua, zikabaki baiskeli za makala, yale makaa ya kupikia. Tata Barnabé alinieleza urefu wa maporomoko. Kila kijiji tulichopita, urefu ule ulikuwa unaongezeka kidogo. Mama, bidon zake magotini, alikuwa amelala.

Kule Kabongwe kulikuwa na kamba imefungwa barabarani, na mlinzi aliyevaa gilet ya rangi ya machungwa. Tulilipia gari, tukalipia watu, tukalipia simu kwa sababu ya picha. Tante akauliza kama macho nayo yanalipiwa. Mlinzi akasema macho yamo ndani ya bei ya watu.

Akatushauri pia tusichelewe kuangalia. Kulikuwa na watu waliokuja na mashine, wakatoboa lile jiwe nyuma ya maji.

"Kama banakuta shaba mule, haya mayi batayapeleka fasi ingine," alisema. Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayekuambia saa ya kufunga duka.

Maporomoko yenyewe ni mazuri. Nasema hivyo mapema, mtu asije kudai kwamba naonea wivu hata maji. Yanatoka juu kwenye miti, yanapasuka katikati, yanaanguka kwenye shimo kubwa kule chini, na kelele yake inakuingia kifuani. Mtu alikuwa ameleta muziki na spika kubwa. Spika ilijaribu, ikashindwa.

Lakini waliokuwa wanayatazama hawakuwepo. Watu wote walikuwa wameyapa mgongo. Wamesimama juu ya majabali, mikono juu, macho yamefungwa, wanapigwa picha. Mtu akimaliza, anageuka kutazama simu, siyo maji.

Tante akataka na sisi tupige ya kwetu. Mimi na tata Barnabé, juu ya jabali lile lile la Gael na Jessica. Nililitambua mara moja.

Nilipiga hatua, kisigino cha kiatu kikaingia kati ya mawe mawili. Mimi nikaenda, kiatu kikabaki. Nilianguka mbele ya watu wote waliofunga macho, nao wakayafungua.

Mguu ulivimba hapo hapo. Waliniinua, wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki pale juu. Mama akaukamata mguu, akaubonyeza, akasema haujavunjika, unataka mayi ya baridi. Akachukua bidon zake akaanza kushuka zile ngazi za mawe.

Tata Barnabé akasema mama hawezi kupandisha bidon zimejaa peke yake. Akavua viatu, akakunja suruali yake nyeupe, akamfuata.

Nataka mkumbuke hilo. Alishuka kwa ajili ya mguu wangu.

Tukabaki mimi na tante, tukiwatazama kutoka juu. Walikuwa wadogo kule chini, na kwa kelele ya maji hatukusikia neno. Ilikuwa kama kutazama televisheni ya jirani kupitia dirishani.

Tuliona mama akivua viatu. Tukaona anaingia majini, kwanza kwa woga, kisha bila woga, mpaka magotini, na kitenge chake kinaelea. Tata Barnabé alikuwa anashika bidon chini ya maji yanayoanguka, na maji yanampiga usoni, bidon haijai. Akajaribu upande mwingine, akateleza, akakaa ndani ya maji kwa suruali yake yote nyeupe. Kofia ikaenda. Mama akaikamata kabla haijaenda mbali.

Na mama akacheka. Nilikiona kicheko cha mama bila kukisikia. Aliinama, akashika mbavu, akainuka, akacheka tena. Tata Barnabé, amekaa majini kama mtoto, alikuwa anacheka naye.

Kisha hawakucheka tena. Walisimama karibu, na yeye alikuwa anazungumza. Aliweka mkono kifuani. Mama akageuza uso, akatazama maji muda mrefu. Kisha akajibu maneno machache, na akanyoosha kidole juu, kwetu. Kwangu.

Tante Honorine akanishika mkono kwa nguvu.

"Unaona? Anakuomba," alisema. "Anakuomba kwa mama yako. Mi nilijua."

Mimi pia niliona hivyo. Mnisamehe, ningeona vipi vingine? Mwanaume mwenye mkono kifuani, mama mwenye kidole juu, na kidole kinanionyesha mimi. Nilinyoosha nguo yangu. Nilirekebisha nywele za bandia zilizokuwa zimepinda. Nilianza hata kutafuta picha ya kumtumia Jessica.

Tante hakungoja. Pale simu haishiki vizuri, akapanda juu ya jabali, na kwa sauti ya kushinda maporomoko akampigia oncle Benoît, mdogo wa baba, mkubwa wa familia yetu kule Kapata. Alimwambia Noëlla ameombwa. Alimwambia aweke viti uani kwetu. Watu waliokuwa wanapiga picha wakanipongeza, na bibi mmoja nisiyemjua akanikumbatia.

Tata Barnabé akapanda na bidon mbili, amelowa, anahema. Aliumwagia mguu wangu maji taratibu, bila kunigusa. Kisha akamwomba tante amsaidie mama kwenye ngazi. Tante akaondoka anatabasamu mpaka masikioni.

"Noëlla, mutoto yangu," alisema tata Barnabé.

Neno hilo, mutoto, lilitosha. Siku zote alikuwa ananiita mademoiselle.

"Mi nilikuya juu ya weye, sitakudanganya. Tante yako alinionyesha weye, na mi nilisema ni muzuri. Lakini tangu mama ya batoto yangu alikufa, sijacheka vile nimecheka leo. Nimemuomba mama yako, yeye mwenyewe."

Nilimwambia sikusikia vizuri, kelele ya maji. Alirudia. Nilikuwa nimesikia vizuri.

"Naye alijibu nini?" niliuliza.

"Alisema: uliza Noëlla, njo mukubwa wa batoto yangu. Akikubali, nitaitika. Akikatala, mi sikusikia kitu."

Nilikaa pale na mguu wangu umelowa maji ya baridi. Nilimwambia kwamba kwa kawaida mwanaume wangu humuoa mwenye kunisuka. Yeye amepita saluni bila kusimama, ameenda moja kwa moja kwa mwenye kunizaa. Hakuelewa. Nikamwambia si kitu, ni mambo ya gazeti.

Aliniomba nisimwambie tante kwanza, na hapo lazima niwaeleze kwa nini alikuwa na haki. Nyumba tunayokaa ilikuwa ya baba, na baba alipokufa oncle Benoît ndiye aliyebaki na usemi juu yake. Amemwambia mama mara nyingi, kwa upole kabisa, kwamba atakaa mle maadamu anamheshimu kaka yao. Heshima maana yake mnaijua: kukaa kwenye kiti kifupi na kutazama barabara. Siku mama akimtazama mwanaume, tante Honorine ndiye wa kwanza atakayemtolea vyombo nje.

Na tante alikuwa ameshapiga simu.

Tulipoondoka, mimi nilikaa nyuma na mguu umenyooka mapajani mwa mama. Tante akakaa mbele. Alimwita tata Barnabé mukwe, njia nzima, mukwe hivi, mukwe vile. Tata Barnabé alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama baiskeli za makala kama hajawahi kuziona.

Nilijaribu kukasirika. Nilikuwa na haki zote. Mara mbili katika mwaka mmoja nimevaa vizuri kwa ajili ya mtu mwingine. Lakini kila nilipoikamata hasira nilimwona mama ameshika mbavu ndani ya maji, na hasira ikateleza.

Na kuna jambo lingine, nalisema hapa kwa sababu nyinyi mmeshasikia aibu zangu zote. Tata Barnabé sikumtaka. Nilitaka kutakiwa. Nilitaka Kapata ipunguze mwendo mbele ya nyumba yetu kwa sababu nyingine.

Mama aliinama, akaniambia chini chini, tante asisikie:

"Noëlla, ukikatala, mi sitakasirika. Nitabakia vile niko. Nimezoea."

Kitenge chake kilikuwa bado na maji, kikanilowesha mguu.

Simu ya tante haikunyamaza tena. Shangazi wa Lubumbashi. Mama wa kwaya. Mke wa oncle Benoît, akiuliza kama tata Barnabé anakula sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tante aliweka sauti kubwa ili tusikie wote, na kila mmoja aliyepiga alimshukuru Mungu kwa ajili ya bibi-arusi. Mama naye alikuwa anaitika amina. Nafikiri hakujua afanye nini kingine.

Kapata tulifika jua bado lipo. Ua wetu ulikuwa umejaa. Viti vya oncle Benoît, viti vya jirani, mabenchi ya kanisa. Moto ulikuwa umewashwa, bukari, ugali wetu, inapikwa. Wale wote walionihurumia walikuwepo, na nasema kweli, walionekana wamepungukiwa kitu.

Walinishusha kwa vigelegele. Mguu uliovimba ulionekana ni ishara nzuri. Sijui kwa nini, lakini akina mama wawili walisema hivyo. Wakanikalisha karibu na mlango. Tata Barnabé wakamkalisha nyuma, pembeni kwa wageni. Mama hakukaa. Alienda akasimama karibu na moto, kukausha kitenge.

Oncle Benoît ana sauti ya mazishi, na hutumia hiyo hiyo kwa arusi. Alisimama, akakohoa. Alisema mtoto wa kaka yake alichekwa, na sasa waliomcheka wale bukari wanyamaze. Alimsifu tata Barnabé, mtu wa kazi, mtu wa kanisa, mtu aliyechukua familia nzima mpaka kwenye maporomoko. Kisha akanigeukia.

"Noëlla, mbele ya hawa batu, uyu tata unamukubali?"

Tata Barnabé alikuwa anatazama kofia yake iliyolowa. Tante Honorine alikuwa ananitikisia kichwa. Mama alikuwa anachochea moto usiohitaji kuchochewa.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na sijui lilitoka wapi, maana mawazo mazuri si mali ya familia yetu.

"Namukubali, oncle," nilisema. "Namukubali aingie mu famille yetu, na ule bibi atamuoa, mutu asimusumbue hata siku moja. Ni weye nauliza sasa. Weye na tante, munamukubali mbele ya batu?"

Oncle Benoît akacheka. Alisema ni nani angemkataa mtu kama huyu. Akanyanyua mkono, akatamka kwa ile sauti yake ya mazishi kwamba yeye, kwa jina la kaka yake, anamkubali tata Barnabé katika nyumba hii, na mtu atakayemsumbua bibi yake atapambana naye. Tante akasema amina, mara mbili. Ua wote ukasema amina.

Nilimwona mama ameinua uso kutoka kwenye moto. Alikuwa ameelewa. Mkono mmoja ulikuwa mdomoni.

Nilidhani yameishia hapo. Nilidhani tutakula, watu watarudi kwao, na kesho, wakiwa wachache, tutaanza kueleza taratibu nani ni nani. Nilikuwa nimesahau kwamba oncle Benoît akianza sherehe haachi katikati.

"Sasa tata Barnabé, simama," alisema. "Kuya ushike mukono ya bibi yako, batu bamuone."

Vigelegele vikaanza upya. Simu zikatolewa, zote, zikainuliwa juu.

Mimi nilikuwa mlangoni. Mama alikuwa kwenye moto. Kati yetu kulikuwa na ua mzima wa watu. Na tata Barnabé, ambaye saa chache tu nyuma aliniambia hatanidanganya, alisimama, akaweka kofia kwenye kiti, akawaomba waliokaa mbele yake wampishe njia ya kwenda kwenye moto.